Uziwi wa Kisanduku cha Njano

Siku ya kuniaga kazini hapakuwa na sherehe. Mwaka 2020 ulikuwa umewakataza watu kukaa chumba kimoja, kwa hiyo keki yangu nilipokezwa kupitia dirisha la gari nje ya karakana yetu, na ninyi vijana mkanipungia mikono mkiwa mmesimama mbalimbali, kila mtu na barakoa yake. Mmoja wenu, simtaji maana anajijua, akapaza sauti: "Bi Zuhura, andika basi! Usituachie makorokoro ya zamani bila maelezo!" Nimekaa hapa Pearland, kando ya Houston, miezi kadhaa nikimwagilia mchicha na kugombana na kindi wanaouchimbua, hadi maneno hayo yakaanza kunikosesha usingizi. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vidogo na havina kisa.

Nitaandika ile miaka ya mwisho tu, ya visanduku vya njano. Kabla yake nilikuwa hospitalini kwa miaka mingi, nikikusanya beji za kupimia mionzi kwenye makoti ya madaktari na kuwafuata wale waliozisahau mfukoni zikafuliwa. Kazi ile ni ya kusomba na kukumbusha, kama kuwa mama wa watoto wakubwa. Mwaka 2017, baada ya kile kimbunga kilichoifanya nusu ya Houston iwe bwawa, watu walianza kutoa vitu vyao vilivyolowa kwenye stoo na kuvianika barabarani. Ndipo visanduku vikajitokeza. Vya chuma, rangi ya njano, vina mkono juu na mshale nyuma ya kioo, na alama ya ulinzi wa raia ubavuni. Watu waliviona wakashikwa na kiwewe, wakapiga simu huku na huku, na simu zikaishia kwenye karakana moja kusini mwa mji ambayo kazi yake ni kuhakikisha vipima mionzi vya hospitali na vya visima vya mafuta havisemi uongo. Karakana ikatafuta mtu wa kwenda kuvikusanya. Nikasema, mimi hapa.

Kwa mdogo wenu ambaye hajui: hapo zamani, bomu la atomiki lilipokuwa bado jipya, serikali ya hapa iliamini kwamba siku moja vumbi la bomu lingeshuka juu ya miji. Raia waliandaliwa wajifiche kwenye vyumba vya chini ya ardhi, vyenye maji, biskuti ngumu, peremende na dawa. Kila handaki lilipewa visanduku vya kupimia mionzi, ili mtu ajue lini atoke nje. Siku ile haikuja. Maji na biskuti vilibaki vikisubiri, na wengi walioviweka huko walizeeka wakavisahau.

Siku yangu ya kwanza alinipokea Mzee Alvin. Alikuwa Mtexas mweusi wa Fort Worth, mrefu, amestaafu zamani, lakini karakana ilimwita arudi siku chache kwa wiki kwa sababu hakuna mwingine aliyevijua vile visanduku kwa tumbo na mgongo. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na kile kifaa cha kusaidia kusikia alikiweka mfukoni zaidi ya sikioni. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza. Hapa namsemesha Kiswahili kwa kuwa kinamkaa vizuri.

Aliniwekea visanduku viwili mezani, pacha kwa sura.

"Miss Zuhura, unaingia chumba usichokijua. Unachukua kipi?"

Nikachukua kile kilichong'aa zaidi. Akacheka hadi akakohoa.

"Hicho hakisikii chochote mpaka mambo yawe yameharibika kabisa. Kilitengenezwa kwa ajili ya siku ya kiama. Kitakapoanza kusema, wewe utakuwa huna cha kujibu. Huyu mwenzake ndiye anayesikia kunong'ona." Kisha akasema neno ambalo nimewarudia ninyi mpaka mmelichoka: "Kila kipimo kina uziwi wake. Usikiulize kinasema nini kabla hujajua hakisikii nini."

Siku hiyo hiyo alinifundisha adabu nyingine. Ubavuni mwa kile kisanduku kinachosikia kuna kidoa cha urani, madini yenye mionzi, kidogo kuliko kifungo cha shati. Ukikisogezea kidoa hicho kichwa cha kupokelea mionzi, chombo kinalia tiki, tiki. Kwa hiyo kabla ya kuingia mahali, unakisalimia chombo chako. Kisipoitikia, rudi garini. Betri kwanza, elimu baadaye. Ninyi mnaotumia vile vipya vyenye namba za rangi mnacheka, lakini nimeshawaona mkizunguka chumba kizima na kifaa kilichozimwa.

Kisa cha kwanza kilinipata mji jirani wa Sugar Land, kwa Mtanzania mwenzetu, mhasibu mwenye nyumba kubwa na mke mpole. Alinunua kisanduku cha njano mtandaoni, na baada ya mafuriko akakizungusha nyumba nzima, jikoni, vyumbani, hadi kwenye jokofu. Mshale haukuondoka kwenye sifuri. Akawapigia ndugu zake Dar es Salaam kuwaambia nyumba imepimwa na ni salama. Nikakifungua. Hakikuwa na betri, na hata kingekuwa nayo, ni kile kiziwi.

"Sasa dada," akauliza, "mimi nilikuwa napima nini?"

"Ulikuwa unafanya mazoezi ya viungo," nikamwambia. Mke wake alicheka mpaka akaenda kukaa. Nyumba yenyewe haikuwa na mionzi yoyote. Ilikuwa na ukungu ukutani, ambao hakuna aliyeuuliza.

Mwaka uliofuata, 2018, kazi ilitupeleka kaskazini. Houston haina vyumba vingi vya chini, kwa kuwa ukichimba kidogo unakutana na maji. Huku watu walipangiwa kujificha kwenye korido na maegesho ya ghorofa. Dallas na Fort Worth ndiko kulikokuwa na mahandaki ya kweli, chini ya shule, mahakama na makanisa. Tulikwenda kwa gari la kazi, Mzee Alvin akisinzia upande wa pili, barabara imenyooka mbele yetu na mbingu ya Texas imekaa chini sana, hata ukiendesha unahisi husogei. Katika mwendo ule ndipo aliponisimulia ujana wake, kidogokidogo, macho ameyafumba.

Alikuwa fundi wa maabara kwenye utafiti wa mwanzo mwanzo. Walijenga nyumba katikati ya uwanja mtupu, nyumba kamili yenye milango na madirisha, isiyo ya mtu. Wakaizungushia mpira mrefu wa maji, na ndani ya mpira wakaipitisha mbegu ya kobalti yenye mionzi mikali, ikisukumwa na maji, izunguke pole pole kama vumbi la bomu lililotua kila upande. Wao walikaa mbali nyuma ya ukuta wa mchanga. Vyumbani waliacha vile vipimo vya umbo la kalamu, vimoja sebuleni, vingine jikoni, vingine chini kabisa, ili wajue mtu angepona akikaa wapi.

"Jioni tukiingia kuvichukua," alisema, "nilikuwa nabisha hodi. Wenzangu walinicheka. Lakini nyumba ilikuwa na mapazia, Miss Zuhura. Mtu gani anaingia nyumba yenye mapazia bila kubisha?"

Tangu siku hiyo nami nilibisha hodi kwenye mahandaki. Mnaweza kucheka. Unashuka ngazi za saruji, unavuta kamba ya taa, na mbele yako kuna chumba kilichoandaliwa wageni. Mapipa ya maji yamepangwa ukutani. Makopo ya biskuti yamefika hadi darini. Kuna sabuni, bandeji, makatoni ya karatasi za chooni, na ukutani bango limeandikwa watu wangapi wakae hapo. Nilikuwa nazima tochi nisimame kidogo gizani. Nikawaona wale watu wakishuka, mwanamke amebeba mto, mzee anauliza kama mbwa wake anaruhusiwa, watoto wanagombea peremende nyekundu. Wote hawakuja. Walibaki juu, wakaoa, wakahama, wakafa kwa magonjwa ya kawaida. Nilitoka mle kila mara nikiwa mwepesi, kama mtu aliyeamka kwenye ndoto mbaya akakuta mashuka yamekauka juani na mtu anapika chai. Sikuwahi kumweleza yeyote furaha hiyo; kwenye fomu ya kazi hakuna mahali pake.

Sasa nifike DeSoto, kusini mwa Dallas, maana ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Ilikuwa 2019, mwishoni mwa kiangazi. Kanisa moja la Wakongo, wengi wao wakimbizi wa zamani kutoka Kivu, lilikuwa limepata jengo lake lenyewe baada ya kuabudu miaka kwenye majengo ya watu, saa za jioni, viti vya kukodi. Jengo lilikuwa la zamani na chini lilikuwa na handaki. Mchungaji wao alinipigia simu mwenyewe. Watoto wa kwaya walikuta sanduku la kalamu za kupimia mionzi, wakapendezwa nazo, kila mtoto akachomeka yake mfukoni Jumapili kama sare. Ukiielekeza kalamu kwenye mwanga na kuchungulia, unaona mstari mwembamba kama unywele juu ya namba. Kwa wiki kadhaa walicheza kuangalia mstari. Kisha Mchungaji akasoma karatasi ya maelezo, akachungulia za watoto wote, na mistari yote ilikuwa imefika mwisho wa namba. Kwa karatasi ile, kwaya nzima ilikuwa imeshakufa.

Nilifika peke yangu. Mzee Alvin magoti yalimzuia. Mlangoni alinilaki Mama Nabintu, kiongozi wa wamama na mwalimu wa kwaya ile, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa bado na sare ya kazi. Nyuma yake alisimama binti yake Neema, anayefanya kazi kwenye ghala la bidhaa, mimba imeanza kuonekana.

"Mama Zuhura, karibu. Batoto banaangaliaka mu ile kalamu kila dimanche," Mama Nabintu aliniambia kabla sijaweka mkoba. "Sasa mustari imefika ku mwisho. Mchungaji anasema ku mwisho njo kufa. Ni kweli?"

"Si kweli, Mama. Kalamu hizi hutiwa umeme kwanza. Zikikaa miaka bila kutiwa, umeme unavuja, mstari unatembea wenyewe. Zimechoka tu."

"Na mutoto wa Neema?"

"Auntie, just tell me straight," Neema akadakia. "Mtoto yuko okay?"

Nikawaambia wanipe muda nipime, kwa sababu neno la mdomo halitoshi. Nikakisalimia chombo changu, kikaitikia. Nikabisha hodi, nikashuka. Nilipima ukuta hadi ukuta, sakafu, mapipa, makopo, kalamu moja moja. Kulikuwa kimya. Kulikuwa na chungu kizito cha chuma pembeni kimefunikwa kitenge. Nikakifunua, nikapima ndani na nje, kimya. Sauti pekee ilitoka kwenye kile kidoa ubavuni mwa kisanduku changu cha njano, nilipokisalimia tena.

Mchungaji, aliyesimama kwenye ngazi, akauliza kinalilia nini.

"Ni urani kidogo ya kujaribia. Haina madhara hapo ilipo."

"Urani?" Akashuka ngazi moja. Yeye si wa Kivu, ni wa Likasi, mji wa machimbo. "Ya kwetu kule Katanga?"

"Sijui ilikotoka, Mchungaji. Lakini zamani nyingi ilitoka kwenu."

Akakishika kisanduku kwa mikono miwili. "Babu yangu alikuwa anabebaka yale majiwe ku mugongo. Hakuna mutu alimwambia ni ya nini." Chombo kilikuwa kinalia tiki, tiki kati yetu. "Alors, yalitutangulia huku."

Tulipanda juu nikatangaza. Vigelegele vilipanda hadi watu wa duka la jirani wakatoka kutazama. Mama Nabintu alinikumbatia nikapotelea kifuani mwake. Nilipomwambia kuwa yale mapipa ya handakini walimohifadhia maharage na unga yalikusudiwa, maji yakiisha, yageuzwe vyoo, aliwageukia wenzake. "Sasa maharagi yetu imekalaka mu choo?" Nikamwambia ni choo ambacho hakijawahi kutumika. Wamama walicheka hadi machozi, na ndipo wakaleta chakula.

Walileta ugali, samaki, na sombe, yaani kisamvu. Mama Nabintu alipanda mihogo nyuma ya kanisa kwa ajili ya majani yake, maana ile sombe ya kugandishwa ya dukani aliiita karatasi. Nilichota kijiko kimoja. Kilikuwa kitamu, cha mawese, kilichosagika laini sana.

"Umetwanga mwenyewe?" nikamuuliza.

"Miye mwenyewe. Mu apartement uwezi. Ukitwanga kidogo tu, jirani ya chini anapiga ku plafond na fagio. Huku chini ya église hakuna mutu wa kusikia. Na tulipata kinu muzuri kule, haichezi hata kidogo. Wamama bote banatwangia mule."

"Kinu gani, Mama?"

"Ile nzito. Ya kitenge."

Kijiko kilikuwa bado mkononi. Nikaweka kijiko chini, nikashuka tena, safari hii bila hodi. Nikafunua kitenge. Chungu kilikuwa na kuta nene kuliko kiganja, cha kijivu kilichofifia, na mfuniko wake mnene ulikuwa umewekwa kuzuia mlango wa stoo. Nikakikwaruza kwa ufunguo wa gari. Kilikwaruzika kama sabuni, na chini ya mkwaruzo kiling'aa. Ilikuwa risasi tupu, yale madini laini yenye sumu ambayo watafiti wa zamani waliyamimina kuwa vyungu vya kuhifadhia vitu vya mionzi, vingine vikasahaulika mahandakini. Ndani, pale mchi ulipokuwa unagonga, palikuwa pamelika, pamekuwa bakuli safi. Kilicholika kilikwenda wapi, nilikuwa nimekitafuna dakika moja iliyopita.

Chombo changu kilikuwa kimepita juu ya chungu kile mara mbili na kusema kweli tupu. Mionzi haikuwamo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna ugumu katika kazi yetu ambao hakuna kozi inayoufundisha, nao ni kupanda ngazi kwenda kuzima vigelegele ulivyoviwasha mwenyewe. Nilimwita Mama Nabintu pembeni, lakini Neema akatufuata, mkono tumboni. Nikawaambia. Nilisema ni plomb, risasi kwa Kifaransa chao, ili waelewe haraka. Nilisema wanaokula waache leo, wote wakapime damu, na watoto na wenye mimba watangulie.

Mama Nabintu hakupiga kelele. Aliitazama mikono yake.

"Miye njo nilimukulisha," alisema. "Kila juma. Hakutaka kula kitu ingine. Nilisema akule, mutoto apate nguvu."

"Mom, stop. You didn't know."

"Miye njo nilimukulisha, Neema."

Nililia mbele yao, na siombi radhi kwa hilo. Kisha nikafanya kazi: nikachukua sampuli kwa karatasi za kupangusia, nikakifunga chungu, nikaliomba kanisa asikiguse mtu kwa mkono mtupu. Vijana wanne ndio waliokibeba hadi garini, na gari liliinama nyuma njia nzima ya kurudi Houston.

Nilimpigia Mzee Alvin nikiwa njiani, nimeegesha kwenye kituo cha mafuta. Nilirudia maneno mara mbili kwa sababu ya masikio yake.

"Risasi ya vyungu hivyo tulikuwa tunaiyeyusha wenyewe uani," alisema. "Jiko la moto wazi, sufuria la chuma, saa ya chakula cha mchana. Tunavuta sigara pembeni, tunakula mkate kwa mikono ileile. Tuliogopa sana kile tusichokiona, Miss Zuhura." Kisha akauliza: "Binti ana miezi mingapi?" Tangu siku hiyo, kila aliponiona, kabla ya salamu, aliuliza habari za Neema.

Majibu ya damu yalikuja. Wamama wengi walikuwa na risasi kidogo, watoto walizidi kidogo. Ya Neema ilikuwa juu kuliko wote. Daktari hakumtisha wala hakumdanganya: alimpa madini ya chokaa na ya chuma, akamwambia kuacha ndiyo dawa kubwa, na kwamba mtoto atapimwa akizaliwa na baadaye tena. Hakutoa ahadi. Wale mabingwa ninaowaheshimu katika maisha yangu ni wale wasiotoa ahadi, lakini usiku ule nilitamani angetoa hata ya uongo.

Mama Nabintu aliacha kutwanga. Alinunua ile sombe ya karatasi, akaila kama mtu anayetimiza adhabu. Wamama walimletea kinu cha mti kilichotoka kwa Wakongo wenzao wa Fort Worth, akakiweka kwenye kona ya sebule na kupanda maua ndani yake. Kwenye nyumba ya wazee, Neema aliniambia, alikuwa ananawa mikono mpaka wakubwa wake wakamsifu kwa usafi. Hakuna aliyejua alikuwa anaosha nini.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa 2020, wa kike, analia kwa nguvu zote. Damu ya kitovu ikaonyesha risasi ipo, si nyingi, ipo. Tusubiri, walisema. Kisha ule ugonjwa ukafunga milango ya dunia, na kusubiri kukawa kazi ya kila mtu. Kwenye karakana tuliingia kwa zamu. Mzee Alvin alirudi kwao Fort Worth, akinipigia simu na kuuliza bila kusikia jibu, nami nikipiga kelele kwenye simu, "Bado! Bado hawajapima!" hadi majirani wangu wakajua kuna mtoto DeSoto. Nilikuwa naota lile handaki mara kwa mara. Katika ndoto watu walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye mapipa wakisubiri, nami nazunguka na chombo changu nikiwapima mmoja mmoja, na chombo kiko kimya, na sijui kama ni kimya cha heri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee wetu wa Tanga, na wakati ule nilichukia kila kitu kilichokaa kimya.

Hizo ndizo zilikuwa siku zangu za mwisho kazini. Mliniona nimekuwa mkali, nikiwafokea kwa betri na vibandiko vya ukaguzi. Sasa mnajua.

Wiki ile mliyoniaga, baada ya keki ya dirishani, nilikuwa nyumbani asubuhi nikisafisha bustani. Gari likaegesha mbele ya nyumba. Walikuwa wametoka DeSoto alfajiri, mwendo wote ule, bila kunipigia. Neema alishuka na barakoa, akamnyanyua mtoto juu ili nimwone nikiwa huku barazani, wao wako barabarani. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya njano na ana mashavu mawili ya kumtosha mtu mzima.

"Auntie! It went down!" Neema alipaza sauti. "Imeshuka sana! Daktari anasema yuko sawa, wataendelea tu ku-check, but she's okay!"

Nilishika nguzo ya baraza. Nilisema alhamdulillahi, nikasema tena.

Mama Nabintu alikuwa bado garini. Akatoka pole pole na bakuli lenye mfuniko, limefungwa kitenge. Akalileta mpaka ngazi ya chini, akaliweka, akarudi nyuma hatua kadhaa kama tulivyokuwa tukifanya mwaka ule. Kucha zake zilikuwa na kijani pembeni, ile rangi ya majani ya muhogo ambayo haitoki kwa sabuni.

"Nilitoa maua mu kinu," alisema. "Jana. Wewe njo wa kwanza, Mama Zuhura. Mbele ya Neema, mbele ya Mchungaji. Wewe ulikuwa umekula kijiko moja tu, ukaacha."

Nilikaa kwenye ngazi na kulifungua. Mvuke wa mawese ulinipiga usoni. Mkoba wangu wa kazi ulikuwa mlangoni, bado sijaurudisha, na ndani yake kulikuwa na karatasi za kupangusia sampuli pamoja na kile chombo changu. Mama Nabintu aliutazama mkoba, kisha akanitazama mimi. Aliona nami nimeutazama.

"Pima kama unataka," alisema kwa upole. "Sitakasirika."

Nikaingia jikoni nikarudi na kijiko. Nimepima vitu maisha yangu yote, vijana wangu, na nitawahimiza ninyi mpime kila kitu mpaka mstaafu. Lile bakuli sikulipima. Nililila pale ngazini hadi chini, na Mama Nabintu alisimama barabarani kwenye jua, mikono kiunoni, akihesabu kwa macho kila kijiko kilichoingia kinywani mwangu, hadi kilipobaki kimoja akaanza kucheka.